Bruda Colm O'Connell wa Iten: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mwalimu wa michezo. Mazungumzo ya wazazi yakigusa mbio, jina la Iten halikosi, na likishatajwa Iten, swali kuhusu "yule mzungu wa St Patrick's" halichelewi. Nimeyajibu maswali haya ndani ya mabasi ya shule, pembeni mwa viwanja na kwenye mikutano ya wazazi, hadi nikaona ni heri niyaandike mahali pamoja.

Bruda Colm ni nani hasa?

Ni raia wa Ayalandi aliyezaliwa mwaka 1948. Alifika Kenya mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya upili ya wavulana ya St Patrick's, Iten, kule Elgeyo Marakwet, na hapo ndipo akafanya makao. Wavulana aliowakuta kidato cha kwanza mwaka ule sasa ni wazee wenye wajukuu. Katika miaka hiyo yote amefunza vijana kukimbia, na miongoni mwao wamo mabingwa wa Olimpiki, mabingwa wa dunia na walioweka rekodi za dunia.

Kwani ni padre?

Hapana. Bruda ni mtawa. Ameweka nadhiri za ufukara, useja na utii, lakini hana daraja ya upadre, kwa hiyo haongozi misa wala haungamishi. Shirika lake, la Mabruda wa Mtakatifu Patrick, lilianzishwa mwaka 1808 na Askofu Daniel Delany katika mji mdogo wa Tullow, Ayalandi, na kazi yake tangu mwanzo ni kusomesha watoto. Ukilishika hilo, mengi mengine kumhusu yanaeleweka: huyu ni mwalimu, na riadha aliikuta ndani ya shule.

Wayalandi wengi walihama kwao kutafuta maisha. Naye alikuja kufanya biashara?

Swali hili huulizwa zaidi na watu walioishi ng'ambo. Wamewaona Wayalandi wa Boston, New York na London, waliofika mikono mitupu wakafungua baa na kampuni za ujenzi, na jioni wakawafunza watoto wa mtaa mpira. Hadithi hiyo ni ya kweli na ina heshima yake. Bruda Colm alipita njia nyingine. Mwenye nadhiri ya ufukara hajikusanyii mali, na yeye amekaa miaka hiyo yote akiishi maisha ya mwalimu wa shule ya bweni.

Lakini tusijidanganye kwamba biashara haiko Iten. Iko, na ni kubwa. Mji ule ulikuwa na maduka machache na ofisi za serikali. Leo una hoteli, kambi za mazoezi, vyumba vya kupangisha, wakandaji misuli, wauza viatu vya mtumba vya kukimbilia, na wageni kutoka kila bara wanaokuja kufanya mazoezi kwa wiki au miezi. Paula Radcliffe na Mo Farah, wakimbiaji maarufu wa Uingereza, walikuwa wakija pale. Lornah Kiplagat, mwanariadha mzaliwa wa Kenya aliyekuja kuikimbilia Uholanzi, ndiye aliyejenga kambi iliyowafungulia wageni mlango. Barabarani kuna lango linalomkaribisha msafiri katika mji wa mabingwa. Mama anayeuza chai na maandazi kwa vijana waliotoka mbioni saa mbili asubuhi anakula kutokana na jina ambalo mwalimu wa jiografia alisaidia kulijenga. Yeye mwenyewe hana hisa humo.

Ni kweli hakujua lolote kuhusu riadha alipofika?

Ni kweli, na mimi hulisema hili kwa sauti kila ninapokutana na mwalimu kijana anayeogopa kukabidhiwa timu. Hakuwa amesomea ukocha, wala hakuwa amekuwa mwanariadha. Alipofika pale alimkuta kijana Mwingereza, Pete Foster, mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akiwafunza wavulana mbio. Pete ni ndugu wa Brendan Foster, yule aliyeshinda shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo wa 1976. Bruda Colm akawa msaidizi wake. Pete alipoondoka, timu ikabaki mikononi mwa aliyekuwepo.

Fikiria hali ilivyokuwa. Hana vitabu vya ukocha, hana maabara, hana hata kiwanja chenye njia ya mpira ya kukimbilia. Ana nyasi, vumbi jekundu na wavulana. Kitu pekee alichoweza kufanya ni kuwatazama. Aliwatazama wakikimbia, akawauliza walivyojisikia, akajaribu hili, likikataa akajaribu lile. Ninaamini kabisa kwamba kutojua kwake kulikuwa faida, kwa sababu kulimlazimisha asikilize watoto wa watu badala ya kuwabebesha programu iliyotungwa kwa ajili ya mtu mwingine, nchi nyingine.

Mwaka aliofika nao una uzito wake. Kenya haikukimbia Montreal 1976. Nchi za Kiafrika zilisusia kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi, haikufukuzwa. Tanzania nayo ilisusia, ndipo Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500, akakosa siku yake. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii ile ya Moscow. Kizazi kizima cha wanariadha wa Kenya kilipitwa na Olimpiki mbili mfululizo. Wakati huo ambapo dunia ilikuwa haituoni, pale Iten watoto walikuwa wakiendelea na mazoezi yao baada ya masomo.

Kwa nini shule moja itoe watu wengi hivyo?

St Patrick's ilianza mwaka 1961, na haikuanza na Bruda Colm. Mike Boit, aliyeshinda shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, alisoma pale kabla Bruda hajafika. Kwa hiyo mvulana aliyeingia kidato cha kwanza miaka ya sabini alikuta tayari kuna jina la kufuata.

Halafu kuna mahali penyewe. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye ukingo ambapo ardhi inakatika ghafla na kuteremka hadi Bonde la Kerio. Hewa ni nyepesi, asubuhi ni baridi, njia za murram zinapanda na kushuka pasipo magari mengi. Mwili unaokua katika hewa hiyo hujifunza kutumia vizuri oksijeni kidogo inayopatikana.

Ila hapo huwa nawasimamisha watu kidogo. Milima iko Ethiopia, iko Nepal, iko Bolivia. Hata hapa kwetu kuna miinuko isiyotoa hata bingwa wa wilaya. Kilichokuwepo Iten ni shule ya bweni yenye ratiba, chakula cha uhakika, mtu mzima anayebaki, na wavulana wakubwa ambao wadogo waliwaona kwa macho yao wakiondoka na kurudi na medali. Neno "anayebaki" ndilo ninalotaka mlitie mstari. Walimu wengi wa michezo tunahamishwa kila baada ya miaka mitatu au minne, na timu inahama nasi kwa jina, huku watoto wakibaki na filimbi isiyo na mpigaji. Yeye alibaki.

Ni wanariadha gani waliopitia mikononi mwake?

Orodha ni ndefu, na kuna watu wanaoibishania kwa sababu mwanariadha hupita mikononi mwa makocha wengi. Nitataja wachache.

Peter Rono. Mwaka 1986, katika mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya chipukizi mjini Athens, alipata fedha ya mita 1,500. Miaka miwili baadaye, Seoul, akashika uongozi wa fainali ya Olimpiki na kukataa kupitwa. Mwingereza Peter Elliott alimfukuza hadi mwisho asimfikie. Rono alikuwa na umri wa miaka 21. Tangu Kip Keino achukue dhahabu ya umbali ule Mexico mwaka 1968 ilikuwa imepita miaka 20.

Matthew Birir. Barcelona 1992, mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alikwazwa akaanguka katikati ya fainali, akainuka, akawafuata waliomwacha, akashinda. Patrick Sang, ambaye leo wengi wanamjua kama kocha wa Eliud Kipchoge, alikuwa wa pili na William Mutwol wa tatu, Wakenya watupu.

Wilson Kipketer alisoma St Patrick's kabla ya kwenda Denmark kusoma uhandisi. Aliikimbilia nchi hiyo, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu mfululizo, 1995, 1997 na 1999, na mwaka 1997 akaifikisha rekodi ya dunia kwenye 1:41.11. Uchungu wake ni mwaka 1996: hakuwa na uraia kamili wa Denmark, akaitazama Olimpiki ya Atlanta kutoka nje akiwa katika kilele cha nguvu zake.

Wasomaji wa Tanzania wanamjua pia, hata kama hawakumbuki jina, Ibrahim Hussein, mwanafunzi wa zamani wa shule hiyohiyo. Marathon ya Boston ya mwaka 1988 alishinda kwa 2:08:43. Aliyekuwa nyuma yake ni Juma Ikangaa wa Tanzania, 2:08:44. Kilomita 42 na ushei, na kilichowatenganisha ni sekunde moja. Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Ikangaa alishika nafasi ya pili pale miaka mitatu mfululizo, na katikati ya miaka hiyo, 1989, akachukua New York, na heshima yake kwangu haina upungufu.

Na wasichana? St Patrick's si shule ya wavulana?

Ni ya wavulana, na ndiyo maana swali hili ni zuri. Hadi miaka ya themanini msichana wa Bonde la Ufa aliyekimbia vizuri aliachwa akimbie hadi amalize shule, halafu basi. Kuolewa, watoto, shamba. Wanaume walikuwa na jeshi, polisi, magereza na vyuo vya Marekani vya kuwapokea. Wasichana walikuwa na vichache mno.

Mwaka 1989 Bruda Colm alianzisha kambi ya vijana pale Iten wakati wa likizo, na wasichana wakawa sehemu yake tangu mwanzo. Wazo ni rahisi hadi unashangaa kwa nini halikuwahi kufanywa: shule zimefungwa, mabweni ni matupu, waite watoto wenye kipaji kutoka shule mbalimbali, wale, walale, wafanye mazoezi pamoja kwa majuma machache, kisha warudi makwao na shuleni kwao. Mtoto haachi masomo, na mzazi hapotezi mtoto.

Matunda hayakuchelewa. Mwaka 1991 Susan Sirma alishinda shaba ya mita 3,000 katika Riadha za Dunia mjini Tokyo, mwanamke wa kwanza mweusi kutoka Afrika kupanda jukwaa la mashindano hayo. Mwaka huohuo Lydia Cheromei, msichana wa miaka 13, alishinda mbio za nyika za dunia za chipukizi mjini Antwerp. Baadaye akaja Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa chipukizi mwaka 2002, aliyeshinda mita 800 kule Osaka mwaka 2007 kwa kushika mbele tangu mwanzo.

Jepkosgei ana kisa kingine ninachokipenda kuliko hata medali yake. Baada ya kustaafu aligeuka kuwa kocha, na miongoni mwa chipukizi aliowalea ni Emmanuel Wanyonyi, kijana aliyewahi kuacha shule akiwa mdogo akachunge ng'ombe za watu. Wanyonyi ndiye aliyeshinda dhahabu ya mita 800 katika Olimpiki ya Paris 2024, kwa 1:41.19. Siku chache baadaye kule Lausanne akakimbia 1:41.11, muda uleule wa Wilson Kipketer, hadi sehemu ya mia ya sekunde.

Siwezi kuzungumzia wasichana wa Iten nikamruka Agnes Tirop. Mwaka 2015 alishinda mbio za nyika za dunia akiwa na umri wa miaka 19, na Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa nyumbani kwake, palepale Iten. Wanariadha wenzake na familia yake waliunda Tirop's Angels kupigania wasichana wanaodhulumiwa. Kifo chake kilifunua jambo ambalo sisi walimu tulilijua tukalinong'oneza tu: msichana akianza kushinda, anazungukwa na wanaume wanaojiita makocha, mameneja, hata waume, macho yao yakiwa kwenye zawadi yake. Ninapotetea kambi za likizo zinazosimamiwa na shule, hili ndilo ninalolifikiria.

Hadithi ya Rudisha na Bruda Colm ikoje?

David Rudisha ni Mmaasai wa Kilgoris, alizaliwa Desemba 1988. Baba yake, Daniel Rudisha, alikuwa katika timu ya Kenya iliyoshinda fedha ya mita 400 kupokezana vijiti Mexico mwaka 1968, na mama yake alikimbia mita 400 kuruka viunzi. Kijana alianza na mita 400 kama baba. Alifika Iten mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 16, mrefu, mwenye hatua ndefu, na Bruda Colm ndiye aliyemwona kuwa mtu wa mita 800.

Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa chipukizi mjini Beijing. Hapo ndipo vipaji vyetu vingi hufia. Kijana ameshinda, mawakala wanapiga simu, kila wikendi kuna mbio ya pesa Ulaya, na mwili wa miaka 17 unatumiwa kama wa miaka 27. Rudisha hakuharakishwa. Mwaka 2008 jeraha lilimnyima Olimpiki. Mwaka 2009 kwenye Riadha za Dunia mjini Berlin alitolewa nusu fainali. Mtu mwingine angebadilishiwa kocha. Kilichofuata ni Agosti 2010: tarehe 22, mjini Berlin, 1:41.09, rekodi ya dunia, akiipokea kutoka kwa Kipketer aliyepita shule ya Iten kabla yake. Wiki moja baadaye, Rieti, 1:41.01. Mwaka 2011 akawa bingwa wa dunia kule Daegu.

Halafu London, tarehe 9 Agosti 2012. Mbio za Olimpiki hazina mtu wa kukodiwa kuvuta kasi, kwa hiyo anayetaka rekodi hujivutia mwenyewe huku wengine saba wakijificha mgongoni mwake. Rudisha alishika mbele baada ya mita 200 hivi, akapita kengele ya mzunguko wa mwisho kwa sekunde 49.28, na hakugeuka. Saa ikasoma 1:40.91. Nyuma yake Nijel Amos wa Botswana, miaka 18, alikimbia 1:41.73. Timothy Kitum wa Kenya, miaka 17, akachukua shaba. Wa mwisho, wa nane, alimaliza kwa 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu Sydney, Athens na Beijing. Mimi nimeonyesha mbio hizo darasani mara nyingi, na kila mara nawaambia wanafunzi waache kumtazama Rudisha kidogo, watazame mabega yake. Hayapandi. Mtu anakimbia kasi ambayo hakuna binadamu amewahi kuikimbia na mabega yametulia kama ya mtu anayesubiri matatu.

Mwaka 2016 alirudia dhahabu kule Rio.

Mazoezi yake yana nini cha pekee?

Wageni wengi huondoka wamekatishwa tamaa kwa sababu walitarajia kuona watu wakitapika. Wanakuta vijana wakikimbia polepole.

Nilisimama asubuhi moja kando ya njia ya murram nje ya mji, saa kumi na mbili na nusu, ukungu haujainuka. Kabla sijaona mtu nilisikia miguu. Si kishindo, ni kama mvua inayoanza kwenye mabati: tap, tap, tap, sauti moja. Kikatokea kikundi cha vijana kumi na wawili hivi kwa mstari, hatua zao zimelingana, wa mbele akiwazuia wa nyuma kwa mwendo wake. Msichana wa mwisho alikuwa mdogo, soksi moja imeshuka, lakini kichwa wima na mikono inapita karibu na mbavu bila kuvuka kifua. Walipita wakaacha vumbi dogo tu. Sikujua ni kikundi cha kocha gani, na kule si rahisi kujua, maana namna hiyo ya kukimbia imeenea mji mzima.

Bruda Colm ametilia mkazo mambo hayo miaka yote: akili iwe kwenye kinachofanyika, mwili ukae mstari mmoja, kiuno kiwe imara, mguu uguse chini kwa wakati wake. Mazoezi ya mwendo na mkao hutangulia. Mbio za polepole ni za kumfundisha kijana kuusikia mwili wake. Mbio za kasi zipo, tena kali, lakini huja zikikuta mwili ulioandaliwa. Jambo jingine ni kuchanganya. Chipukizi asiyejulikana na bingwa wa Olimpiki hufanya mazoezi kwenye mstari mmoja. Mtoto wa miaka 15 aliyekimbia asubuhi nyuma ya Rudisha hahitaji hotuba ya kumtia moyo.

Jioni ni kupumzika. Ugali, sukuma wiki, maharagwe, maziwa ya mursik, usingizi mapema.

Vipi kuhusu dawa za kusisimua misuli?

Kenya ina doa hili na halifutiki kwa kulinyamazia. Wanariadha wetu wengi wamefungiwa, wakiwemo wenye majina makubwa, na mwaka 2016 nchi ililazimika kutunga sheria na kuunda shirika la kupambana nazo. Sioni ajabu ya chanzo chake: kijana wa miaka 22 asiye na cheti cha shule, mwenye familia ya watu kumi inayomtazama, akijua kwamba mbio moja ya barabarani inaweza kununua shamba. Akitokea mtu wa duka la dawa mwenye sindano, huyo kijana ana sababu gani ya kukataa, zaidi ya dhamiri? Aliye na shule, na aliyelelewa kujua kwamba miaka miwili ya kushindwa ni sehemu ya kazi, ana sababu zaidi ya moja.

Mtoto wangu ana mbio. Nimpeleke Iten?

Kama ana miaka 12 au 13, usimpeleke. Mwache kwanza acheze: mpira, kuruka kamba, kukimbia na wenzake. Mbio za nyika za shule zinamtosha. Kumtia mtoto marathon, au hata nusu marathon za barabarani kwa sababu kuna bahasha, ni kumla kabla hajaiva, na nimeona magoti ya watoto wa miaka 16 yaliyokwisha.

Akifika shule ya upili na bado ana hamu, tafuta shule yenye mwalimu wa michezo anayekuwepo uwanjani kila siku. Hiyo ni bora kuliko shule yenye jina. Kambi ya likizo ikipatikana, uliza maswali ya mzazi kabla ya kuuliza ya mbio. Nani anamiliki kambi? Wasichana wanalala wapi, na mlango unafungwa na nani? Kuna mwanamke anayesimamia? Mtoto atasaini karatasi gani? Usikubali mkataba wowote wa wakala kwa mtoto aliye darasani, hata kama wakala amekuja na viatu vipya.

Na wala si lazima iwe Iten. Kapchorwa upande wa Uganda imemtoa Joshua Cheptegei. Mbulu, Tanzania, ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathon ya Mexico 1968 na goti lililofungwa bendeji. Anza kulima hapohapo ulipo.

Nikifika Iten naweza kuiona shule?

Kutoka Eldoret ni kama kilomita 35, matatu hazikosi. St Patrick's ni shule yenye wanafunzi, kwa hiyo pita langoni, jitambulishe kwa askari, omba ruhusa, na uepuke saa za masomo. Usibishe hodi kwa mzee wa watu kutaka picha.

Ukiruhusiwa, omba uonyeshwe miti. Ni desturi ya shule kwamba aliyeshinda ubingwa hupanda mti ndani ya uwanja, ukawekewa kibao chenye jina lake. Mingine imekuwa mikubwa, ya miaka ya themanini, shina lake hukumbatii. Mingine bado ni miche, imezungushiwa vijiti ili isiliwe na mbuzi. Nenda na mtoto wako, mwache asome majina mwenyewe.